Rafiki Yako ni Myahudi? Vidokezo 11 kwa Mkristo Anayetaka Urafiki Udumu

Wakristo wengi wa Afrika Mashariki huwajua Wayahudi kupitia Biblia kabla ya kukutana na Myahudi hata mmoja. Tunawajua Musa, Ruthu na Danieli. Tunaimba Zaburi, na watoto wetu tunawaita Yakobo, Ester na Samweli. Halafu siku moja unapata mfanyakazi mwenzako Nairobi, mwanafunzi mwenzako Kampala au jirani mpya huko Toronto, na huyo ni Myahudi wa leo: analipa kodi ya nyumba, anakwama kwenye foleni, ana timu anayoishabikia. Mnapatana vizuri, kisha maswali yanaanza. Nimpikie nini? Nimwalike Krismasi? Nimweleze habari za Yesu?

Dini hizi mbili zinatofautiana katika mambo mazito, na hakuna faida ya kujifanya hazitofautiani. Lakini naamini kabisa kwamba urafiki wa namna hii hujengwa au hubomolewa na mambo madogo ya kila wiki: sahani, saa, kauli, msiba. Mijadala ya Utatu inaweza kusubiri. Tuanze na hayo madogo.

1. Muulize yeye mwenyewe

Usidhani umeshamjua rafiki yako kwa sababu umesoma Agano la Kale. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, sadaka za wanyama zikakoma, na tangu hapo marabi wamefundisha na kujadiliana kwa karne nyingi. Mafundisho yao yamo katika Mishna na Talmudi, vitabu ambavyo Wakristo wengi hatujavigusa. Ndani ya Uyahudi wapo Waorthodoksi wanaoshika sheria kwa ukamilifu, wapo wa Konsavativu na wa Reform, na wapo wasioingia sinagogi kabisa lakini hawana shaka kwamba wao ni Wayahudi.

Wala usitegemee sura fulani. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya, jumuiya ya Waafrika iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda aliyekuwa Mkristo, alipoamua kutahiriwa na kuishika Torati. Kwa hiyo uliza tu: "Nyumbani kwenu mnafanyaje?" Kuuliza si ujinga, na swali hilo humpa mwenzako nafasi ya kujieleza mwenyewe.

2. Ilinde Ijumaa yake ya jioni

Sabato ya Kiyahudi huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha Jumamosi usiku, nyota tatu zinapoonekana. Kama una jirani Msabato, tayari una picha ya siku inayopangwa hivyo, ingawa masharti yao hayafanani kwa kila jambo. Myahudi anayeishika kikamilifu haendeshi gari, hapiki, hanunui kitu wala hagusi simu. Nairobi jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni mwaka mzima, kwa hiyo ni rahisi kukariri. Akiwa London mambo hubadilika: Desemba Sabato huingia kabla ya saa 10 alasiri, na Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku.

Usimpigie simu saa hizo, na usinune ujumbe wako ukikaa bila kujibiwa hadi Jumamosi usiku. Kubwa zaidi, harusi zetu nyingi ni za Jumamosi. Ukitaka awe nawe siku hiyo, mwambie mapema, kabla kamati haijalipia ukumbi. Huenda akaja kwenye sherehe ya usiku baada ya Sabato kuisha. Na kama hataingia kanisani wakati wa ibada, usimlaumu: Wayahudi wengi wanaoshika dini huona ibada ya dini nyingine si mahali pao. Mtengee kiti ukumbini.

3. Ukialikwa chakula cha Ijumaa, fika mapema na utazame

Huu ni mwaliko wa heshima. Fika kabla jua halijazama. Usibebe chakula ulichopika. Matunda mazima au maua yanatosha. Mishumaa huwashwa dakika kama 18 kabla ya machweo, mara nyingi na mama wa nyumba, ambaye hufunika macho kwa mikono na kusema baraka. Wazazi huwawekea watoto mkono kichwani na kuwabariki. Mezani kuna mikate miwili iliyosukwa, imefunikwa kitambaa. Baraka husemwa juu ya kikombe cha divai, kisha watu huenda kunawa kwa kikombe chenye vishikio viwili, wakimimina maji mkono mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo wageni wengi hushangaa: waliokwisha kunawa hunyamaza kabisa. Hawajakukasirikia. Desturi ni kutozungumza mpaka mkate ubarikiwe, uchovywe kwenye chumvi na kuliwa. Baada ya hapo meza huchangamka kwa nyimbo, maswali na vicheko. Jambo moja la kukumbuka: ukitoka chooni, usizime taa. Sisi tumelelewa kubana umeme, lakini katika nyumba hiyo taa iliyozimwa huenda isiwashwe tena hadi kesho usiku.

4. Mpikie baada ya kuuliza, si kabla

Kila mtu anajua habari ya nguruwe. Orodha ni ndefu zaidi: kamba, kaa, pweza na kambale hawaruhusiwi, kwa kuwa samaki lazima awe na mapezi na magamba. Sungura na ngamia pia hapana. Mbuzi na ng'ombe ni halali kwao, ila lazima wachinjwe na mchinjaji wa Kiyahudi aliyefunzwa kazi hiyo, hivyo nyama choma ya kilabuni haimfai anayeshika kosha, yaani sheria za chakula za Kiyahudi. Tena nyama na maziwa havichanganywi. Chai ya maziwa baada ya mchuzi wa nyama, ambayo kwetu ndiyo ukarimu wenyewe, kwake haiwezekani. Wengine husubiri muda wa saa 6 baada ya kula nyama.

Hata sufuria huhesabiwa, kwa sababu imeshapika vitu vingine. Akikataa chakula chako, hajakukataa wewe. Mwandalie ndizi, machungwa, parachichi ambalo halijakatwa, kisu kipya, sahani za karatasi na maji ya chupa, kisha kaeni mpige gumzo. Lakini kumbuka kidokezo cha kwanza. Wapo Wayahudi watakaokula sato wako wa kukaanga kwa furaha, na wapo wanaokula kila kitu. Uliza kabla hujaenda sokoni.

5. Weka sikukuu zake kwenye kalenda yako

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi na huongezewa mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana tarehe zake huhamahama kwenye kalenda yetu. Tafuta tarehe za mwaka huu na uziandike, ukikumbuka kwamba kila siku huanza jioni iliyotangulia. Rosh Hashana, mwaka mpya, huja Septemba au Oktoba. Mtumie "Shana tova", yaani mwaka mwema. Siku kumi zikitimia huja Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambapo watu wazima hufunga kwa takriban saa 25 bila chakula wala maji. Siku hiyo mtakie mfungo mwema, wala usimpangie kikao.

Katika Pasaka yao, ya siku 7 au 8 kutegemea anakoishi na desturi yake, hakuna mkate, chapati, mandazi wala bia. Na ugali? Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki kwa desturi huacha mahindi siku hizo, ilhali wengi wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu hula. Hanuka nayo si Krismasi ya Kiyahudi, ingawa huja karibu na Desemba. Ni kumbukumbu ya kuwekwa wakfu upya Hekalu, zaidi ya miaka 160 kabla ya Kristo. Kwa upande wako, mkaribishe Krismasi kama mgeni wako na umwache aamue kwa moyo mweupe.

6. Iseme imani yako, usimwinde

Kwetu swali la "umeokoka?" huulizwa hata ndani ya matatu. Kwa Myahudi lina uzito mwingine. Mwaka 1492 Wayahudi wa Hispania waliambiwa wabatizwe au waihame nchi, na miaka michache baadaye Wayahudi wa Ureno wakabatizwa kwa nguvu. Ubatizo ulioletwa kwa vitisho hausahauliki kwa urahisi katika nyumba za watu.

Hilo halikuzuii kusema unachoamini. Akikuuliza Yesu ni nani kwako, mjibu kwa ukweli wote, bila kupunguza wala kuona haya. Kisha msikilize naye anapoeleza kwa nini haamini hivyo, na umalize chai yako. Kabla ya kumwombea mbele yake, mwombe ruhusa. Rafiki akishahisi kwamba kila kikombe cha chai ni ndoano, ataacha kuja, na atakuwa na haki.

7. Safisha kauli zilizozoeleka

Kuna maneno tunayoyasikia kanisani mpaka tunasahau kwamba yanamgusa mtu aliye hai. La kwanza ni lile la kwamba Wayahudi walimuua Yesu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate, likisema wazi kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Na Yesu, Mariamu na mitume wote walikuwa Wayahudi.

La pili ni kumwita kila mnafiki Farisayo. Marabi wa leo ni warithi wa mafundisho ya Mafarisayo, kwa hiyo rafiki yako anasikia mababu zake wakitukanwa. Soma upya Agano Jipya: Nikodemo alikuwa Farisayo, Gamalieli aliyewatetea mitume barazani alikuwa Farisayo, na Paulo alijitaja hivyo bila aibu. La tatu ni jina la Mungu. Sisi tunaimba Yehova kwa sauti kuu. Wayahudi wanaoshika dini hawalitamki jina hilo kabisa. Mnapozungumza, sema Mungu au Bwana.

8. Sinagogini, funika kichwa na uache simu

Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi ilianzishwa mwaka 1904, na sinagogi yao iko University Way, katikati ya jiji. Huko, na penginepo, usijitokeze tu mlangoni. Sinagogi nyingi duniani zimewahi kutishiwa au kushambuliwa, kwa hiyo wageni hupangiwa mapema na huja na kitambulisho. Mwombe rafiki yako akuombee nafasi.

Kanisani mwanamume huvua kofia. Sinagogini hufunika kichwa, na mara nyingi kuna vikofia vya wageni mlangoni. Katika sinagogi za Kiorthodoksi wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Kitabu cha sala hufunguliwa kutoka kulia. Kabati la Torati likifunguliwa, simama pamoja na wengine. Usiiguse ngozi ya gombo kwa kidole: hata msomaji hufuata maandishi kwa kijiti maalumu. Siku ya Sabato hakuna kapu la sadaka, hakuna picha na hakuna kuandika. Kama hujui la kufanya, kaa kimya na umfuate mwenyeji wako.

9. Usimfanye balozi wa Israeli

Wakristo wengi wa kwetu huipenda Israeli kwa sababu ya Mwanzo 12:3, na makanisani mwao utaona bendera yake na kusikia baragumu. Wengine wamekasirishwa na vita vya Gaza na wanatafuta wa kumuuliza. Makundi yote mawili humtwika rafiki huyu mzigo usio wake. Huenda ana ndugu Tel Aviv na hulala na hofu. Huenda anaipinga vikali serikali ya huko. Huenda hajawahi kukanyaga nchi hiyo. Wewe hungependa kuulizwa na kila mtu kuhusu kila uamuzi wa Roma au Canterbury.

Akitaka kuzungumzia Mashariki ya Kati, msikilize, na mkitofautiana semeni kwa adabu. Asipotaka, zungumzeni mambo mengine. Na usimtazame kama ishara ya unabii inayosubiri kutimia. Yeye ni rafiki yako, basi mpende kwa ajili yake.

10. Ijue historia iliyompata, na siku ya msiba nenda

Wayahudi milioni 6 waliuawa na Wanazi na washirika wao, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 27 Januari kuwakumbuka. Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, alikua Wadowice, Polandi, akicheza mpira na rafiki yake Myahudi, Jerzy Kluger. Vita viliwatenganisha, na mama na dada wa Kluger wakauawa. Walikutana tena Roma mwaka 1965 na wakabaki marafiki mpaka Papa alipofariki mwaka 2005. Afrika nako yapo ya kukumbukwa. Idi Amin alipiga marufuku dini ya Kiyahudi, Abayudaya wakasali kwa siri. Kampala ilipokombolewa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa ikiingia.

Msiba ukimpata rafiki yako, usisubiri tangazo la wiki mbili. Wao huzika haraka, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, kwa jeneza la kawaida, bila kuaga mwili na bila mashada ya maua. Baada ya maziko familia hukaa matanga ya siku 7. Ukifika utakuta mlango hauna kufuli, vioo vimefunikwa, wafiwa wameketi kwenye viti vifupi, na nguo ya mfiwa imechanwa kifuani. Ingia polepole, keti, usiseme mpaka mfiwa aseme kwanza. Usimwambie Mungu alimpenda zaidi. Mtaje marehemu kwa jema unalolikumbuka, na useme kumbukumbu yake iwe baraka. Badala ya maua, toa sadaka kwa maskini kwa jina la marehemu. Ijumaa jioni na Jumamosi usiende, maana matanga husimama kwa ajili ya Sabato. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hilo halina dini.

11. Tafuteni kazi ya kufanya pamoja

Mazungumzo peke yake huchoka. Kazi ya pamoja huwapa watu sababu ya kuonana kila wiki. Mchungaji Martin Luther King na rabi Abraham Joshua Heschel walikutana Chicago mwaka 1963 kwenye mkutano wa dini mbalimbali kuhusu ubaguzi wa rangi. Machi 21, 1965 walikuwa mstari wa mbele pamoja walipoondoka mji wa Selma, Marekani, kwa maandamano ya kudai haki ya kupiga kura. Heschel alikuwa amemwalika King kwenye meza yake ya Pasaka ya mwaka 1968. King aliuawa Aprili 4, siku chache kabla ya kuketi hapo.

Mfano wa karibu uko Mbale. Mwaka 2004 J. J. Keki, mkulima wa Abayudaya, alipita kwa majirani zake Wakristo na Waislamu akawaomba waungane kuuza kahawa. Chama chao cha ushirika wakakiita Mirembe Kawomera, na kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon ikaanza kusafirishwa Marekani. Kila mkulima aliendelea na siku yake ya ibada. Mizani ya kahawa ilikuwa moja kwa wote. Mwaka 2016 rabi wa hapo, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake wengi ni Wakristo na Waislamu.

Nanyi hamhitaji shamba la kahawa. Fundisheni watoto hesabu Jumapili alasiri, pandeni miti mtaani, changeni kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Anza wiki hii kwa kumuuliza rafiki yako Sabato yake inaingia saa ngapi na anaweza kula nini, kisha umwalike Jumapili. Baki Mkristo, mwache abaki Myahudi, na usiruhusu mtu yeyote, wa kwenu au wa kwao, akuambie kwamba urafiki huo hauwezekani.